Neno "try": lilikotoka, na kwa nini mwandishi wa programu anapaswa kujali

Leo naomba tuziweke kando habari za simu mpya na matoleo mapya, tuzungumze kuhusu neno moja tu la Kiingereza lenye herufi tatu: try. Kama wewe ni mwandishi wa programu, huenda umeliandika mara nyingi kuliko jina lako. Na hata kama hujawahi kuandika mstari mmoja wa programu, umelisoma kwa Kiswahili kwenye simu yako: "Jaribu tena."

Nimelichagua kwa sababu naona wengi wetu katika kazi hii tunalielewa nusu. Chuoni tuliambiwa try ni kujaribu, tukaishia hapo. Historia inasema neno hili lina nusu nyingine, ambayo ni ya zamani zaidi, na hiyo ndiyo inayotuponyoka tukiwa mbele ya tarakilishi. Ikituponyoka, kuna watu wanaopoteza pesa, na wakati mmoja kuna roketi iliyolipuka. Twende polepole.

Mwanzo: kuchambua

Try halikuzaliwa Uingereza. Mwaka wa 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa baadaye Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na ya mahakama. Katika Kifaransa hicho cha zamani kulikuwa na kitenzi trier. Maana yake ilikuwa kuchagua na kutenga: kizuri huku, kibaya kule. Kiswahili kina neno linaloikaribia sana maana hiyo, nalo ni kuchambua. Mama anayetoa majani mabovu kwenye sukuma wiki anachambua. Anayetenganisha karafuu na vikonyo vyake anachambua. Mtaalamu wa data naye tunasema anachambua. Hiyo ndiyo trier.

Neno lilipoingia Kiingereza, kwenye miaka ya 1300 hivi, lilikuja na maana hiyo ya kuchunguza na kupima. Ndiyo sababu hadi leo Mwingereza akisema mtu is tried mahakamani, hana maana kwamba mtu huyo anajaribiwa kama kiatu. Ana maana kwamba ushahidi unachambuliwa ili kweli itengwe na uongo. Kesi yenyewe inaitwa trial, neno la ukoo huo huo.

Wavuvi wa nyangumi nao walilitumia. Walikata mafuta mazito ya nyangumi wakayayeyusha kwenye vyungu vikubwa vya chuma ili mafuta safi yatengane na makapi. Kazi hiyo waliiita to try out, na matanuri ya matofali yaliyojengwa juu ya meli yakaitwa try-works. Herman Melville alikipa jina hilo kifungu kimoja cha kitabu chake Moby-Dick cha mwaka wa 1851. Hapo hapakuwa na kubahatisha kokote. Kulikuwa na moto, chungu na kutenga.

Sasa maana ya kujitahidi ilitoka wapi? Fuata mantiki hii. Ukitaka kukipima kitu, unakitumia ili uone kama kinafaa. Ukikitumia kabla ya kujua kama kinafaa, tayari unafanya jambo bila uhakika wa matokeo. Kutoka hapo ni hatua moja tu kufikia maana ya kufanya kwa matumaini. Polepole hatua hiyo ikapigwa, na maana mpya ikaimeza ya zamani kiasi kwamba leo mtoto anayejifunza Kiingereza huanza na ile mpya, na ile ya zamani huja kuikuta kwenye habari za mahakama.

Binamu waliobaki Ufaransa

Kifaransa chenyewe hakikuhama. Hadi leo trier ni kuchambua, na kutokana nalo tumepata triage, neno ambalo Mkenya yeyote aliyewahi kupanga foleni hospitalini amelikuta limeandikwa mlangoni. Kabla hujamwona daktari, unapimwa joto na shinikizo la damu, kisha inaamuliwa nani aharakishwe na nani anaweza kungoja. Anayetajwa sana kwa kuanzisha utaratibu huo kwenye uwanja wa vita ni Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, aliyesisitiza kwamba majeruhi wahudumiwe kwa uzito wa majeraha yao, si kwa vyeo vyao.

Na hili litawafurahisha wenzangu wa programu. Lile somo la kupanga orodha kwa mfuatano, linalotesa kila mwanafunzi wa mwaka wa pili, Wafaransa huliita tri. Bubble sort kwao ni tri à bulles. Quicksort, aliyoibuni Mwingereza Tony Hoare mwaka wa 1959 akiwa Moscow na kuichapisha mwaka wa 1961, wao huiita tri rapide. Kwa hiyo programa wa Paris na programa wa London wanatumia mzizi mmoja kwa kazi mbili: mmoja anapanga namba, mwingine anajihadhari na hitilafu. Mshike huyu Hoare, tutamrudia.

Na sisi waswahili je?

Sisi tulichukua maneno yetu upande mwingine wa bahari. Jaribu linatokana na Kiarabu jarraba, ambalo pia ni kupima na kuonja hali ya jambo. Ndugu yake ni tajriba, yaani ujuzi unaopatikana kwa kuyapitia mambo. Tazama uhusiano huo ulivyo mzuri: jaribio likiisha linapaswa kuacha tajriba.

Jaribu letu lina vyumba vingi. Unajaribu nguo dukani. Unajaribu kuinua mzigo. Unajaribiwa na shetani, na mambo magumu yanayokufika yanaitwa majaribu. Programu ambayo haijakomaa inatolewa kama toleo la majaribio. Ukiangalia vizuri, katika vyumba vingi kati ya hivi jambo linalofanyika ni kupima: nguo inapimwa, imani inapimwa, programu inapimwa.

Kwa upande wa juhudi tupu tuna neno jingine, jitahidi. Wengi hudhani ile ji- ya mwanzo ni ya kujitendea, kama jipende au jisomee. Sivyo. Neno zima limetoka Kiarabu ijtahada, mzizi ule ule uliotupa juhudi. Kwa hiyo Kiswahili kinatenganisha mambo ambayo Kiingereza kimeyabana ndani ya neno moja. Kujitahidi ni kutia nguvu. Kujaribu ni kutia nguvu huku ukiangalia kinachotokea.

Uwanjani: jaribio lililogeuka kuwa ushindi

Wapenzi wa raga wanajua trai. Mchezaji akiuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, timu yake inapata pointi 5. Lakini kwa nini bao kubwa hivyo liitwe jaribio?

Ni kwa sababu mwanzoni halikuwa bao. Katika raga ya kale, iliyoanzia shule ya Rugby huko Uingereza, ambako sheria ziliandikwa mara ya kwanza mwaka wa 1845, kugusisha mpira chini hakukukupa pointi yoyote. Kulikupa ruhusa ya kupiga mpira kuelekea goli: a try at goal. Ukikosa, huna kitu. Tarehe 27 Machi 1871 Scotland na England zilicheza mechi ya kwanza ya kimataifa mjini Edinburgh, wachezaji 20 kila upande. Pande zote mbili zilipata trai, lakini ni Scotland tu iliyofaulu kugeuza trai moja kuwa goli, na ushindi ukawa wake.

Baadaye trai ikaanza kuhesabiwa. Mwaka wa 1893 ilikuwa na pointi 3, mwaka wa 1971 zikawa 4, na mwaka wa 1992 zikawa 5. Ule mkwaju uliokuwa shabaha ya mchezo mzima sasa ni nyongeza ya pointi 2. Ruhusa ya kujaribu imekuwa yenyewe ndiyo tuzo.

Kenya tuna sehemu yetu katika historia hiyo. Mwezi Aprili 2016 timu yetu ya wachezaji saba iliwachapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, na mwezi uliofuata jijini London Collins Injera akawa mfungaji wa trai nyingi kuliko wote katika msururu wa dunia, rekodi aliyoishikilia hadi Dan Norton wa England alipoivunja mwaka wa 2017. Injera alimaliza na trai 279. Hakuna anayemwita mtu aliyejaribu mara 279, ingawa kwa Kiingereza cha 1845 ndivyo ingesomeka.

Ndani ya tarakilishi

Haya, sasa tuje nyumbani kwetu. Kwa wasiojua: katika lugha nyingi za programu, ukitaka kufanya jambo linaloweza kushindikana, kama kufungua faili au kuuliza seva, unaliweka ndani ya fungu la mistari linaloanza na neno try. Chini yake unaandika fungu la catch, yaani "daka", linaloeleza cha kufanya mambo yakiharibika.

Wazo hili lina umri. LISP, iliyoanzishwa na John McCarthy mwaka wa 1958, ilikuja kuwa na njia ya kuzuia hitilafu isiangushe programu nzima. PL/I ya IBM ilikuwa na njia yake katika miaka ya 1960. Mwaka wa 1972 MacLisp ikaleta maneno catch na throw. Mwaka wa 1975 John Goodenough akachapisha makala iliyolipanga suala lote la kushughulikia hitilafu, na wakati huo huo Barbara Liskov na wenzake pale MIT walikuwa wakiijenga lugha ya CLU iliyokuwa na utaratibu wake wa hitilafu.

Neno try tunalolijua wengi lilisambazwa zaidi na C++. Bjarne Stroustrup na Andrew Koenig walibuni sehemu hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Stroustrup mwenyewe ameandika kwamba neno try halikuhitajika. Kompaila ingeweza kuelewa bila hilo. Liliongezwa kwa sababu watu walishindwa kuelewa maelezo bila neno hilo, na ilikuwa rahisi kuliweka kuliko kuwafafanulia kila siku. Kwa maneno mengine, try liko pale kwa ajili ya binadamu anayesoma, si kwa ajili ya mashine. Ni kibao cha kumwambia mwenzako: hapa angalia, jambo hili huenda lisifaulu.

Java ikalichukua mwaka wa 1995. JavaScript ikalipata katika kiwango cha Desemba 1999. Swift ya Apple ikalileta mwaka wa 2015 kwa namna tofauti kidogo: kila mwito unaoweza kushindwa ni lazima utanguliwe na try, ili msomaji asishtukizwe. Go, iliyotangazwa na Google mwaka wa 2009, ilikataa mtindo wa try na catch kabisa. Hitilafu ni thamani kama nyingine, unairudisha na kuiangalia mstari kwa mstari. Mwaka wa 2019 kulikuwa na pendekezo la kuiongezea Go kitu kinachoitwa try, watumiaji wake wakapinga kwa nguvu, likaondolewa mwezi Julai mwaka huo huo.

Kwa nini ubishi mkali hivyo juu ya herufi tatu? Kwa sababu ya nusu ile ya pili. Fungu la try ni kujitahidi. Fungu la catch ni kuchambua: hitilafu ni ya aina gani, nani aambiwe, kipi kirudiwe, kipi kisimamishwe. Lugha inakulazimisha kuandika la kwanza, lakini haiwezi kukulazimisha kulifanya la pili kwa makini. Unaweza kuandika catch tupu, mabano mawili yasiyo na kitu katikati, na kompaila itakubali bila kunung'unika. Hiyo ni sawa na mahakama inayosikiliza mashahidi wote halafu hakimu anaenda zake bila kutoa hukumu.

Roketi ya tarehe 4 Juni 1996

Sasa tumrudie Hoare. Alipopokea tuzo ya Turing mwaka wa 1980, alitumia hotuba yake kuionya dunia kuhusu lugha mpya ya wakati huo, Ada. Alisema imerundikiwa vitu vingi mno, na akautaja utaratibu wa kushughulikia hitilafu kuwa miongoni mwa vitu vya hatari. Alitaja hata uwezekano wa roketi kupotea njia.

Miaka 16 baadaye roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikibeba setilaiti nne za utafiti. Programu ya chombo cha kupima mwelekeo ilikuwa imerithiwa kutoka Ariane 4 na iliandikwa kwa Ada. Ndani yake kulikuwa na hesabu iliyogeuza namba ya desimali yenye biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16. Ariane 5 ilikuwa na kasi ya ulalo kubwa kuliko mtangulizi wake. Namba ikawa kubwa mno, haikuenea kwenye biti 16, hitilafu ikatokea.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ilikuta mambo ya kusikitisha. Vigeu saba vilionekana kuwa na hatari hiyo. Vinne vilikingwa, vitatu viliachwa ili kutoilemea kompyuta kwa kazi. Kanuni ya mfumo ilikuwa kwamba hitilafu yoyote ikitokea, chombo kizimwe na cha akiba kishike usukani. Waliobuni walifikiria kuharibika kwa kifaa, si kosa la programu. Lakini chombo cha akiba kilikuwa na programu ile ile, na kilikuwa kimeshajizima muda mfupi sana kabla. Chombo kilichozimika kikatuma taarifa ya hitilafu, na kompyuta kuu ikaisoma kana kwamba ni data ya safari. Roketi ikapinda ghafla, ikakatika na kulipuka, sekunde 40 hivi tangu mfuatano wa kuruka uanze. Na kibaya zaidi, hesabu yenyewe iliyoleta balaa haikuwa na kazi yoyote kwa Ariane 5 baada ya kuondoka ardhini.

Angalia kilichokosekana. Hitilafu haikupuuzwa, ilionekana. Juhudi pia zilikuwepo, hata za chombo cha pili. Kilichokosekana ni kuchambua. Hitilafu zote ziliwekwa kwenye kapu moja na kupewa dawa moja.

"Jaribu tena", lakini vipi?

Jambo la mwisho ni kurudia. Mwaka wa 1971 Norman Abramson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii walianzisha ALOHAnet, mtandao wa redio ambapo vituo vingi vilitumia masafa mamoja. Wawili wakituma pamoja ujumbe unagongana na kuharibika, kisha kila mmoja anangoja muda wa kubahatisha na kurudia. Robert Metcalfe alijengea juu ya wazo hilo alipobuni Ethernet pale Xerox PARC mwaka wa 1973. Katika Ethernet ya aina hiyo, kila mgongano unaofuata unaongeza maradufu upeo wa muda wa kungoja, hadi kikomo fulani, na baada ya majaribio 16 kifaa kinakata tamaa na kutoa taarifa kwamba kimeshindwa.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na mashine nazo zimelazimika kukubali. Vifaa vyote vikijaribu tena papo hapo, vitagongana tena milele.

Kwetu Kenya jambo hili si la vitabuni. Tangu mwaka wa 2007 M-Pesa ilipoanza, tumezoea kulipa kwa simu hadi nauli na mandazi. Sasa fikiria programu ya duka inayoomba malipo, jibu likachelewa njiani. Je, malipo yameshindikana, au yamefaulu ila jibu ndilo lililopotea? Programu isiyochambua itasema "Jaribu tena", mteja atabonyeza, na atakatwa mara mbili. Iliyoandikwa vizuri hulipa kila ombi la malipo namba yake ya kipekee, ili likirudiwa mfumo utambue kwamba ni lile lile, na huuliza hali ya malipo ya kwanza kabla ya kuanzisha ya pili. Kwa mama mboga mwenye mtaji wa shilingi 2,000, tofauti ya programu hizi mbili ni kufungua kibanda kesho au kutofungua.

Kwa hiyo ndugu programa, ukiandika try leo, kumbuka kwamba umeshika neno la mahakimu, la wayeyusha mafuta na la madaktari wa vita. Wote hao waliulizwa swali moja: kipi kimetoka kizuri na kipi kibaya? Kabla hujafunga mabano ya catch, jibu swali hilo kwa kila aina ya hitilafu unayoitarajia. Ile usiyoitarajia usiimeze, iache ipige kelele ili mtu aisikie.

Nawe usiyeandika programu, simu ikikuambia "Jaribu tena" kwenye jambo la pesa, angalia salio kwanza.

Haya, tukutane wakati mwingine.